Nianzie Kisumu ama Nairobi? Nataka kufanya sheria ya uhamiaji, naomba ushauri

Jirani_Kondele
Wadau, habari za jioni. Mimi ni kijana wa hapa Kisumu, nina shahada ya sheria, na moyo wangu uko kwa mambo ya uhamiaji: vibali vya kazi, uraia, viza, wageni na familia zao. Nimekaa kwa ofisi ya mzee mmoja mjini nikijaza fomu na kufuatilia faili, kwa hivyo kazi naijua. Swali langu ni moja tu. Nianzie hapa ama nihamie Nairobi? Nyayo House, makao makuu ya Uhamiaji, iko kule, lakini kodi ya nyumba itanimaliza. Hapa kuna Wahindi wenye viwanda, kuna Wachina wa barabara, na Busia si mbali. Usingizi umenipotea. Nijibiwe haraka tafadhali, kuna mtu ananisubiri.

JuaKali_Kibuye
Anayekusubiri ni mwenye nyumba ama ni mchumba? Hizo haraka ni mbili tofauti.

Mama_Pendo
Mwanangu, kwanza omba Mungu akuongoze, hiyo kazi ina machozi ya watu. Ndugu yangu alijaziwa bahati nasibu ya Green Card ya Marekani na kijana wa saiba, duka la intaneti, hapa Nakuru. Miaka hiyo kujaza kulikuwa bure, sisi hatukujua, tukalipa. Kumbe anwani ya barua pepe iliyowekwa ni ya yule kijana, na namba ya uthibitisho akabaki nayo yeye. Majibu yalipotoka akasema tumwongezee pesa ndio afungue aangalie. Mpaka leo hatujui kama ndugu yangu alishinda au la. Sasa anauza viazi Molo na ameridhika, lakini ukimtajia Marekani anaondoka mezani.

Dereva_wa_Busia
Omera, achana na Nairobi, fungua Busia. Mimi napeleka abiria kila siku na nakwambia wateja ni wengi kuliko samaki. Kuna mama mmoja nilimbeba, mtoto wake amezaliwa Tororo, baba Mkenya, kijana amefika miaka ya kitambulisho na kila ofisi inamzungusha. Alikuwa na mfuko wa nailoni umejaa kadi za kliniki, cheti cha ubatizo, na picha ya harusi imekatika katikati. Ananionyesha mimi, dereva, niamue. Nikamwambia mama mimi najua tu nauli.

Wakili_Mchovu
Dereva, mwambie huyo mama asome Kifungu cha 14 cha Katiba. Mtoto ambaye baba au mama yake alikuwa raia wa Kenya siku alipozaliwa ni raia kwa kuzaliwa, hata kama alizaliwa Tororo, Dubai au mwezini. Shida yake ni ushahidi wa uzazi, si sheria.

Jirani, kabla ya Kisumu ama Nairobi: uliapishwa lini kuwa wakili? Na cheti cha kufanya kazi ya uwakili cha mwaka huu unacho?

Jirani_Kondele
Hayo tutafika mkuu. Nimeuliza mahali.

Wakili_Mchovu
Mahali kunategemea hayo. Uliapishwa lini?

Mzee_wa_Lolwe
Mimi ningeshauri asome ualimu. Pensheni ipo.

Jirani_Kondele
Sawa, kwa vile mnasisitiza. Nilisomea Kampala. Shule ya Sheria kule Karen bado sijaingia, pesa ndiyo imenikwamisha. Lakini wadau, kibali cha kazi si kesi. Sisimami mbele ya jaji. Ni fomu tu! Mzee niliyekuwa naye hakuwa wakili na alisomesha watoto wote. Hata juzi nimepeleka mwenyewe maombi ya kibali cha Daraja D, kile cha mgeni aliyeajiriwa, bahasha mkononi, nikapanga foleni hapa Uhamiaji Kisumu, wakanigongea muhuri. Na chumba nimeshalipia, orofa ya pili, bango limeanza kuchorwa. Siwezi kurudi nyuma.

JuaKali_Kibuye
Bango linasemaje?

Jirani_Kondele
"Mawakili na Washauri wa Uhamiaji." Hilo la mawakili ni kwa sababu nitakuja kuwa.

JuaKali_Kibuye
Basi na mimi kesho naandika "Gavana" kwa kibanda changu cha majiko. Nitakuja kuwa.

Wakili_Mchovu
Mimi sicheki. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, kifungu cha 33: kujifanya wakili au kutumia jina la kuonyesha kwamba wewe ni wakili ni kosa la jinai. Mwaka wa 2023 nchi nzima ilikuwa inazungumza kuhusu kijana aliyedaiwa kufanya hivyo, sijui kama ulikuwa umelala.

Njia yako ni ndefu lakini ipo. Shahada ya Kampala inapelekwa kwanza Baraza la Elimu ya Sheria itambuliwe. Wakiona umekosa baadhi ya yale masomo 16 ya msingi, utayasoma. Halafu Karen. Halafu uanagenzi wa miezi sita chini ya wakili mwenye angalau miaka mitano kazini, na hapo ndipo ujanja ulipo: mtafute anayefanya uhamiaji, usikubali tu yeyote mwenye kiti kitupu. Angalia pia alama zako za Kiingereza na Kiswahili za KCSE, mtihani wa kidato cha nne; Karen wamekuwa wakitaka B katika mojawapo. Watu wameenda mahakamani kwa hilo, kwa hivyo usiulize marafiki, waandikie shule wakujibu kwa barua.

Na kazi si Daraja D peke yake. Kuna Wakenya waliochukua uraia wa nje kabla ya Katiba ya 2010 na wanataka kurudishiwa wa kwao. Kuna Wanubi wa Kibos hapo Kisumu, wazee wao waliletwa na Waingereza na vijana wamehojiwa miaka mingi wakiomba kitambulisho. Kuna wakimbizi, Sheria ya Wakimbizi ni ya 2021, bado mpya. Mashirika ya msaada wa kisheria kama Kituo Cha Sheria na RCK, lile la wakimbizi, yanafanya kazi hiyo, nenda ukajitolee hata kwa nauli tu. Hapo hujidanganyi, unajifunza.

Nyar_Kano
Wakili samahani nikudandie hapo. Kaka yangu alichukua uraia wa Marekani mwaka wa 1998. Anaweza kurudishiwa?

Wakili_Mchovu
Kama alikuwa Mkenya wa kuzaliwa, anaomba na anarudishiwa. Atafute cheti cha kuzaliwa na pasipoti ya zamani.

Jicho_Pevu_Bungoma
Ngojeni kwanza. Mnajibu hewa. Maombi ya vibali vya kazi siku hizi yanafanywa mtandaoni, kwa mfumo wa eFNS, ule wa Uhamiaji wa huduma za wageni. Huyu anasema juzi amepeleka maombi kwa bahasha akagongewa muhuri. Muhuri gani? Mtu aliyekaa kwa ofisi ya vibali hajui eFNS? Hii stori imetungwa. Subirini, ataweka namba ya simu hapa aanze kuvua wateja.

Dereva_wa_Busia
Hata mimi niliona. Anasema Busia karibu. Kwa gari gani?

Jirani_Kondele
Sikusema ilikuwa bahasha ya maombi.

Jicho_Pevu_Bungoma
Umesema. Panda juu usome.

Mama_Pendo
Muacheni mtoto, labda amechanganyikiwa na usingizi.

Jirani_Kondele
Mimi si mtunzi wa hadithi. Mnataka ukweli? Mfumo alikuwa anaufungua mzee mwenyewe, mimi nilikuwa mtu wa bahasha, sijui zilikuwa na nini ndani. Na anayenisubiri si mchumba. Ni vijana wanaotaka kwenda Kanada, wametoka Siaya na Ugunja, wamenipa pesa ya mwanzo niwafanyie viza za kazi. Risiti ninazo. Mtunzi anakuwa na risiti?

JuaKali_Kibuye
Uwi.

Wakili_Mchovu
Kwa hivyo swali halikuwa Kisumu ama Nairobi.

Sikiliza. Kwa viza ya Kanada, mtu anayelipwa kumwakilisha mwombaji lazima awe mwanasheria mwenye leseni ya huko au mshauri aliyesajiliwa na Chuo chao cha washauri wa uhamiaji. Wewe si yeyote kati ya hao. Na kama umewaahidi kazi, hapa nyumbani pia wakala wa ajira lazima awe na leseni. Warudishie.

Jirani_Kondele
Pesa ndiyo iliyolipia chumba. Na hawa ni watu wazima, walinitafuta wenyewe. Sijawaahidi kazi, nimewaahidi kujaribu. Nikianza kupata wateja wawili watatu wa uraia nitawafidia.

Mama_Pendo
Mali ya haramu yaenda njia ya haramu, mwanangu. Mama za hao vijana wameuza nini?

Jirani_Kondele
Mmoja ng'ombe. Wengine sijauliza.

Jicho_Pevu_Bungoma
Mimi bado siamini. Lakini kama ni kweli, mwenye nyumba amekula miezi mingapi? Mwombe akurudishie ile ambayo hujakaa. Wengine hukubali ukiwa mpole.

Wakili_Mchovu
Afadhali hilo. Fanya kesho asubuhi, kabla hao vijana hawajaenda kituo cha polisi. Ukiwa na rekodi ya udanganyifu, hata ukimaliza Karen siku ya kuapishwa utaulizwa.

Jirani_Kondele
Nitaongea na mwenye nyumba. Na bango je? Fundi nimemlipa nusu, ameshamaliza neno la kwanza.

JuaKali_Kibuye
Mlete kwangu Kibuye nina bati lingine. Tutaandika "Fotokopi na Kuchapa", hiyo haihitaji kuapishwa.