Rocco alimwokoa Simone au alimmaliza?

Salaam. Jana usiku nimemaliza kutazama Rocco e i suoi fratelli, filamu ya Luchino Visconti ya mwaka 1960, na mpaka sasa sijatulia. Mama mjane anatoka Lucania, kusini mwa Italia, na wanawe wanne, kumfuata kifungua mimba wake aliyetangulia Milan. Kinachonitesa ni pale juu ya paa la kanisa kuu. Simone, mmoja wa wanawe hao, ameshambaka Nadia, mpenzi wake wa zamani ambaye sasa ni mpenzi wa mdogo wake Rocco, Rocco akishikiliwa atazame. Halafu Rocco huyohuyo anamwambia Nadia arudi kwa Simone, eti kaka yake anamhitaji zaidi!

Nilizima, nikakaa gizani. Mimi ni dada mkubwa. Miaka tisa nimemlipia mdogo wangu madeni, na kila nikilipa namwona amezidi kuharibika. Rocco mnamwonaje nyie?

Jibu: Pole dada. Kisu kilichomuua Nadia mwishoni alikishika Simone, hilo tusimwondolee. Ila Rocco alisamehe kwa kutoa kisicho chake. Kusaini mkataba wa ngumi ili alipe deni la kaka, sawa, jasho ni lake. Lakini Nadia hakuwa wake wa kumgawa. Annie Girardot, anayemwigiza Nadia, anavyolia pale juu, analia kama mtu aliyehukumiwa na yule aliyemtegemea.

Jibu: Rudia sehemu ya mwisho. Rocco yuko ulingoni, Simone yuko kando ya maji anamchoma Nadia kisu, na picha zinapokezana. Mimi naona ngumi zile zote zilikuwa za Simone, anapigwa mtu mwingine. Alain Delon, anayemwigiza Rocco, ana uso mpole mno, ndiyo maana tunachelewa kuiona hasira yake.

Jibu: Hakuna aliyemtaja Ciro? Yule ndugu yao wa kiwanda cha magari cha Alfa Romeo, aliyekwenda polisi wakati mama na Rocco wanataka kuficha. Nyumba nzima inamwona msaliti. Kwangu ndiye pekee aliyekumbuka kwamba kuna mwanamke amekufa.

Muulizaji: Ciro nilimchukia jana, nakiri. Leo nimemfikiria tangu alfajiri, hasa anavyozungumza na Luca, kitinda mimba, nje ya kiwanda: bado anampenda Simone, na hajutii. Sikujua vitu hivyo viwili vinakaa kifua kimoja.

Mdogo wangu amepiga simu mchana, deni jipya. Nimemwambia silipi, ila aje tule pamoja. Amekata simu. Chakula nitapika hivyohivyo.