Fahali wa vyuma chakavu pale Khayega: ndiyo au la?

Mwana wa Isukha: Kuna wazo la kusimamisha fahali wawili wa vyuma chakavu pale Khayega, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu. Naunga mkono. Ngoma ya isukuti, ya kwetu Isukha na Idakho, ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2014. Fahali wetu wa kupiganishwa, wanaochezewa ngoma hiyo alfajiri, hawana hata bango. Semeni.

Mama Shamba: Napinga. Jumamosi moja umati ulimfuata fahali aliyeshindwa hadi kwenye mahindi yangu, yakiwa ndiyo yanatoa mbelewele. Mistari saba chini, na pole sikupewa. Tena hivyo vyuma ni vya wapi, kama si mifuniko ya mitaro na nguzo za stima?

Fundi wa Kibuye: Mama, hilo la mwisho limenichoma. Mimi nanunua springi za matatu, sahani za breki na cheni za pikipiki, vyote kwa mzani. Ukizipanga cheni safu kwa safu na kuzichomelea, nundu inainuka na misuli yake. Hiyo ni kazi ya mikono, si wizi!

Mlipa Kodi: Kwani biashara hiyo haikufungwa? 2021 hivi, stima ilipopotea nchi nzima.

Fundi wa Kibuye: Januari 2022. Na sisi wenye risiti tulilala njaa sawa na wezi. Sheria ya vyuma chakavu ipo tangu 2015, mnunuzi lazima awe na leseni. Washikwe wasio nayo.

Mama Shamba: Sijakuita mwizi. Mfuniko mbele ya duka la dada yangu uling'olewa usiku, mtoto akatumbukiza mguu. Nina haki ya kuuliza.

Mzee wa Ikolomani: Mimi hofu yangu ni pembe. Mkiweka zile ndefu za ng'ombe wa Ankole kule Uganda, wapenzi wa fahali pale Malinya watatucheka. Nguvu ya fahali wetu iko shingoni. Na mmoja aonyeshwe akigeuka kukimbia, maana hapo ndipo mchezo huisha. Hatungoji afe.

Mwana wa Isukha: Mzee, anayekimbia ni wa kwetu Isukha au wa kwenu Idakho?

Mzee wa Ikolomani: Wa Isukha, kijana. Uliza baba yako.

Mwana wa Isukha: Baba yangu alifuga fahali ambaye Ikolomani nzima ilimkwepa! Hilo halipiti.

Fundi wa Kibuye: Mama Shamba, karibu Kibuye, hapo Kisumu, nikuonyeshe daftari la mizani.

Mama Shamba: Nitakuja. Lakini mahindi yangu bado hakuna aliyeyataja.