Tupeane uzoefu: umewahi kumkataa jaji huku Marekani?

Mama Wawili, Seattle
Habari zenu ndugu zangu. Juzi dada mmoja tunayesali naye alinipigia simu analia. Kesi yake ya malezi ya watoto imepangiwa jaji ambaye zamani alifanya kazi ofisi moja na wakili wa mumewe. Akaniuliza, "Hivi naweza kumkataa, au nitaonekana mkorofi?" Aliyepitia naomba aseme, na ataje jimbo, maana sheria za majimbo hazifanani.

Naanza mimi. Nilikuwa na kesi ya talaka hapa jimbo la Washington mwaka 2019. Tangu 2017 huku huhitaji tena kula kiapo kwamba jaji ana chuki na wewe. Unapeleka taarifa ya kumkataa, anabadilishwa, na sababu huulizwi. Ila nafasi ni moja tu, na lazima uitumie kabla jaji hajatoa uamuzi wa maana kwenye shauri lako. Mimi nilisubiri. Alisikiliza ombi la matunzo ya muda, akaamua, ndipo nikakimbilia masjala na karatasi yangu. Karani akaigonga muhuri vizuri tu, wiki iliyofuata nikaambiwa nimechelewa. Ile karatasi ninayo mpaka leo. Sikuwa na ushahidi kwamba jaji yule ananionea. Sheria ilinipa haki, ikanipita kwa sababu hakuna aliyeniambia.

Dereva wa Houston
Pole sana dada. Texas jaji wa mahakama husika humkatai bila sababu. Hiyo ipo kwa jaji aliyeletwa kushikilia tu. Kwa jaji wa mahakama husika unaandika ombi la kiapo na kueleza mambo yenyewe. Kilichonipa moyo ni kwamba jaji hawezi kulitupa ombi hilo mwenyewe. Ana siku 3 za kazi: ama ajitoe, ama alipeleke kwa jaji msimamizi wa kanda.

Yangu ilikuwa kesi ya ajali. Wakili wangu akagundua mdaiwa amemuoa dada yake jaji. Katiba ya jimbo hairuhusu jaji kusikiliza kesi ya ndugu yake, wa damu au wa ndoa, wala kesi aliyowahi kuwa wakili wake. Usiku ule sikulala, nilijua nimejitafutia adui. Asubuhi jaji alisoma ombi, akaandika mistari miwili ya kujitoa, akatutakia heri. Mwambie dada asiogope.

Nipo Columbus
Ohio kiapo cha maandishi cha kumkataa jaji kinakwenda Mahakama Kuu kabisa ya jimbo, na Jaji Mkuu ndiye anayeamua. Kifike siku 7 kabla ya tarehe ya kesi.

Ombi langu lilikataliwa. Nilieleza kwamba jaji amenikatalia maombi mawili, na kwamba ananikatiza kabla mkalimani hajamaliza sentensi. Jibu likaja: kukataliwa maombi si ushahidi wa upendeleo, hilo ni jambo la rufaa. Iliniuma sana. Lakini kikao kilichofuata jaji alimwacha mkalimani amalize kila sentensi.

Mkalimani, California
Huku ni kifungu 170.6 cha sheria ya mwenendo wa madai. Unaapa kwamba unaamini jaji ana upendeleo, huelezi kwa nini, na kila upande una nafasi moja. Kwenye kesi ya madai iliyopewa jaji mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, una siku 15 tangu upate taarifa ya jaji. Barua ikifika, mawakili ninaofanya nao kazi hutafuta jina la jaji kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Wateja wetu wengi barua hiyo wanaiweka juu ya friji.

Mwanasheria Mstaafu
Wanaodhani jaji akishaapa kutenda haki basi hawezi kupendelea, waikumbuke West Virginia. Hugh Caperton, mwenye kampuni ndogo ya makaa ya mawe, alishinda kesi dhidi ya kampuni ya Massey, dola milioni 50, mwaka 2002. Kabla rufaa haijasikilizwa ukaja uchaguzi wa 2004, maana kule majaji wanapigiwa kura. Mkuu wa Massey, Don Blankenship, akatoa dola milioni 3 kumsaidia mgombea Brent Benjamin aingie kwenye mahakama ya jimbo ambayo ingesikiliza rufaa hiyo. Akaingia. Caperton akamwomba ajitoe, akagoma, na kura yake ikawa miongoni mwa 3 dhidi ya 2 zilizofuta ushindi ule. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema alipaswa kujitoa. Nayo iligawanyika, 5 kwa 4! Mimi hizo kura 4 hazijawahi kuniingia akilini.

Mdau, Dar
Huku nyumbani lazima uwe na sababu: uhasama kati yenu, uhusiano wake wa karibu na mpinzani wako, au maslahi kwenye kesi. Unamweleza hakimu mwenyewe hapo hapo mbele yake. Baba yangu mdogo alishindwa kufungua mdomo, na kiwanja kikaenda.

Mama Wawili, Seattle
Asanteni mno. Nimeongea na dada: jaji hajaamua chochote bado, kikao ni Alhamisi. Kesho saa mbili asubuhi nampitia, twende masjala pamoja.