Nimepewa kitengo, kazi zote zinarudi mezani kwangu. Nifanyeje?

Mtunza Leja:
Habari za kazi wakuu. Mimi ni mhasibu, kazi yenyewe naijua vizuri. Mwaka huu mkuu wetu alihamishwa nikapewa kitengo. Nina watu sita chini yangu, wawili kati yao tulianza kazi pamoja.

Mchana kutwa najibu maswali, kazi zangu nazianza wenzangu wakishaondoka. Mtu analeta upatanisho wa benki (kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki) una tofauti, anasema "bosi, hii imegoma", namwambia niachie nitaiangalia. Ikifika jioni ninazo tano za namna hiyo. Kumrudishia naona vigumu, atasema nimepata cheo nikabadilika. Ofisi inataka kunipeleka semina ya uongozi ya siku tatu. Itasaidia kweli, au uongozi mtu huzaliwa nao? Naomba ushauri wa waliopita njia hii.

Bi Msimamizi:
Hongera kwa cheo, na pole kwa hizo jioni. Nimesimamia watu miaka mingi, na siku hizi kazi yangu ni kuwalea wasimamizi wapya. Swali lako nalipenda kwa sababu umelieleza kwa tukio, hukuishia kusema "nina changamoto za uongozi".

Tazama hayo maneno yako, "niachie nitaiangalia". Kabla hujayatamka, kazi ilikuwa ya msaidizi wako. Ukishayatamka, wewe ndiye unayedaiwa na yeye ndiye anayekufuatilia: "Bosi, ile ya jana vipi?" William Oncken na Donald Wass waliandika juu ya jambo hili katika jarida la Harvard Business Review mwaka 1974, wakalifananisha tatizo na tumbili anayeruka kutoka bega la msaidizi hadi bega la bosi. Watu sita, kila mmoja akileta wake, huwezi kumaliza.

Kwa hiyo kesho mtu akija na karatasi yake, usiipokee. Nasema karatasi yenyewe, ibaki mkononi mwake. Mwambie avute kiti, umuulize: umeshakagua nini? Tofauti ni kiasi gani, inaanzia tarehe ipi? Mimi nisingekuwepo leo ungeanzia wapi? Halafu nyamaza umsikilize. Wasimamizi wengi hushindwa hapo pa kunyamaza, maana jibu wanalijua na ulimi unawawasha.

Wewe ukiona tofauti ya 270, unajua mara moja kwamba inagawanyika kwa 9, kwa hiyo huenda tarakimu mbili zimepishana, 630 ikaandikwa 360. Yeye pengine hajui. Mfundishe hilo, kisha aende akaitafute mwenyewe na akupe jibu saa nane. Mara ya kwanza utatumia muda mrefu kuliko ungeifanya wewe, na hilo ndilo linalowakatisha wengi tamaa. Vumilia, kwa sababu akishaijua hataileta tena.

Usiwatendee wote sawasawa, lakini. Wataalamu wa uongozi Paul Hersey na Ken Blanchard walilisema hili tangu 1969: anayeanza kazi anahitaji kuelekezwa hatua kwa hatua, aliyebobea anahitaji kuachiwa nafasi. Ukimwachia mgeni peke yake umemtelekeza, na ukimsimamia mzoefu kila dakika umemdharau. Na unapokabidhi kazi, taja na mamlaka yake. "Hili amua mwenyewe, unijulishe baadaye." "Hili njoo na pendekezo kabla hujafanya." Kazi nyingi hurudi kwa bosi kwa sababu mtu hajui mwisho wa ruhusa yake, akaona salama ni kuuliza.

Kuhusu kuzaliwa nao, hapana. Mtaalamu wa uongozi Robert Katz aliandika mwaka 1955 kwamba kiongozi wa kazi anahitaji stadi tatu: ya kazi yenyewe, ya kuishi na watu, na ya kuiona taasisi kwa ujumla wake. Aliziita stadi kwa makusudi, yaani mtu anaweza kujifunza. Akaonyesha pia kwamba kadiri unavyopanda, ile ya kazi yenyewe inapungua uzito. Wewe umepandishwa kwa ile ya kwanza, na sasa unadaiwa ya pili. Taasisi nyingi hufanya hivyo, na naziona zinakosea sana zinapompa mtu cheo bila kumpa wa kumwelekeza.

Semina nenda. Ila kabla ya kwenda chagua jambo moja tu, mfano kurudisha kazi bila kuvunja mtu moyo, ulifanyie mazoezi wiki nzima ukirudi. Na umwombe bosi wako nusu saa kila wiki mzungumzie ulivyolifanya. Bila ufuatiliaji huo, makabrasha ya semina yataishia kwenye droo.

Nesi Mkuu:
Nakubaliana na Bi Msimamizi, naomba kuongeza tahadhari. Ukirudisha kazi kwa uso wa kukunja, watu wataacha kuleta matatizo na utadhani mambo yamenyooka. Mtafiti Amy Edmondson alichunguza timu za wauguzi hospitalini katika miaka ya 1990. Alitarajia timu nzuri ziwe na makosa machache ya dawa, akakuta zimeripoti mengi zaidi. Maelezo yake yalikuwa kwamba kwenye timu hizo watu hawakuogopa kusema. Kwa hiyo mtu akikuletea kosa lake mapema, mshukuru kwanza, maswali yafuate.

Kaka Ratiba:
Wale wawili mlioanza pamoja, ongea nao mapema, kila mmoja kivyake. Waambie wazi kipi kimebadilika (utawapangia kazi, utawafanyia tathmini) na kipi hakijabadilika. Ukikaa kimya watajaza wenyewe, na hawatajaza mazuri.

Mtunza Leja:
Asanteni sana. Bi Msimamizi, leo nimejaribu kwa mmoja. Alishangaa kidogo, akaenda, saa nane akaja na jibu sahihi. Sasa niambie, siku za kufunga hesabu za mwezi nifanyeje? Hakuna muda wa kumfundisha mtu.

Bi Msimamizi:
Safi sana, na umwambie kwamba umeiona kazi yake, usibaki nayo moyoni.

Siku za kufunga hesabu chukua kazi ikibidi, hakuna ubaya. Ila litamke: "Hii naifanya mimi leo kwa sababu ya muda, keti hapa uone ninavyoifanya, mwezi ujao ni yako." Hesabu zikishafungwa, kaa na wote sita muulizane ni zipi zilizokwama na zingeweza kuanza mapema. Utakuta upatanisho wa benki hauna sababu ya kusubiri mwisho wa mwezi, mnaweza kuufanya kila wiki. Anza na ile akaunti yenye miamala mingi, umpe huyo aliyepata jibu leo.