Naomba ushauri: chipu chache, meza ya mwisho ya poka inakaribia

Wakuu, habari za usiku. Nipo Uyole, Mbeya. Juzi nilicheza mashindano ya poka mtandaoni hadi saa tisa usiku, na baridi ya Julai huku mnaijua. Tulibaki 14, meza ya mwisho ni watu tisa, na zawadi inapanda kila mmoja akitoka. Nilikuwa na chipu za blaindi kubwa 11 tu (blaindi kubwa ni dau la lazima linalowekwa kabla ya karata kugawiwa). Nikapata jozi ya saba (saba mbili), zamu ya kwanza kuamua ikiwa yangu, nikaweka chipu zote. Mwenye chipu nyingi akafuata na jozi ya kumi. Nikatoka. Roho inaniuma mpaka leo.

Najua chipu zikipungua hivyo ni kuweka zote au kutupa karata. Lakini wawili walikuwa na blaindi tatu tatu! Ningewasubiri watoke kwanza? Jozi ndogo kama hiyo mngeitupa?