Tupeane uzoefu: unamuuguza mzazi mwenye sukari na presha nyumbani, kosa gani lilikufundisha?

Wakuu, habari za jioni. Mama yangu ana miaka 71, ana sukari na presha, na ninakaa naye mimi. Wiki iliyopita alishikwa na mafua, hamu ya kula ikakata. Asubuhi kanywa chai ya rangi na uji vijiko viwili, basi. Mimi na ujuaji wangu nikampa vidonge vyake vyote kama vilivyoandikwa kwenye pakiti, glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari) ikiwemo.

Saa tano naingia chumbani nakuta kanga imelowa jasho chapachapa, mikono inatetemeka, na ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Nikadhani homa imempanda. Bahati nikakumbuka mashine ya kupima sukari: 2.6, imeshuka mno. Nikampa nusu glasi ya soda ya kawaida (siyo ile ya bila sukari), dakika 15 nikapima, 3.4. Nikarudia, ikafika 5.8. Nikashangilia, nikaenda zangu dukani.

Saa tisa imeshuka tena.

Kule kituo cha afya daktari akaniambia: soda inaisha upesi, ile dawa inabaki mwilini saa nyingi, na kwa mzee mwenye figo zilizochoka hukaa zaidi. Kumbe baada ya soda nilitakiwa kumlisha chakula cha kushiba, kisha nimpeleke, siyo nimwache. Akalazwa usiku ule kwa uangalizi. Haya, leteni ya kwenu.

Mama Pacha, Tanga
Pole mkuu. Yetu ilikuwa kinyume chake. Baba kapimwa, mashine inasoma 17. Kaka ameshika sindano, anataka kuongeza uniti za insulini. Nikamuuliza baba alikuwa anafanya nini. Anamenya embe! Akanawa kwa sabuni, akajifuta vizuri, tukatoboa kidole kingine: 8.9. Nikiwaza zile uniti zingemfanya nini mpaka leo tumbo linanicheza.

Sista wa Zamu
Mimi ni nesi, naomba niingie hapa kabla watu hawajaelewa vibaya. Mzee akigoma kula, glibenklamaidi usimpe kwa mazoea, piga simu kliniki kwanza. Lakini msije mkasimamisha insulini kwa sababu mgonjwa hajala! Hasa hawa vijana walioanza sindano tangu utotoni. Mwili ukiugua, sukari inaweza kupanda hata tumbo likiwa tupu, na tunawapokea wodini wanahema kwa nguvu, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva sana. Dozi inaweza kupunguzwa, ila apunguze anayeijua, na ndugu mpime mara nyingi kuliko kawaida. Metformini nayo, kidonge kingine cha sukari, mgonjwa akitapika au akiharisha sana, ulizeni kabla ya kuendelea nayo.

Na aliyepoteza fahamu usimmiminie soda mdomoni. Itaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, kimbia hospitali.

Kijana wa Lamu
Kwetu umeme ulikuwa unakatika, chupa ya insulini ya bibi nikaipeleka kwa jirani mwenye friji. Yeye kwa wema wake akaisukuma juu kabisa, karibu na barafu. Ikaganda. Ilipoyeyuka ukiitazama huoni tofauti, nikaendelea kumdunga. Sukari haishuki wiki nzima, na bibi nimemshutumu kwamba anakula halua kwa kificho, masikini. Sista wa kliniki alipouliza inawekwa wapi ndipo tukang'amua. Iliyoganda ni ya kutupa. Ile anayoitumia sasa hivi ninaitia kwenye kopo lililofungwa, ndani ya mtungi juu ya mchanga uliorowa, kivulini. Tarehe ya kufunguliwa naiandika kwa kalamu, zikifika wiki nne siitumii tena.

Mgeni wa Morogoro
Fupi: mzee wangu alikohoa kikavu miezi miwili. Dawa za kikohozi chupa tatu, makohozi yakapimwa TB, hamna kitu. Mwisho nesi kaomba kuona dawa zote anazomeza. Enalaprili ya presha! Ikabadilishwa, na baada ya wiki kadhaa kikohozi kikapotea chenyewe.

Mama Pacha, Tanga
Sista, na kuvimba miguu? Mama mkwe yuko kwenye amlodipini ya presha, viatu havimwingii.

Sista wa Zamu
Amlodipini inaweza kufanya hivyo, ila usiifute kienyeji. Moyo na figo navyo huvimbisha miguu, kwa hiyo akapimwe. Akienda abebe dawa zake zote kwenye mfuko, na zile za maumivu anazonunua duka la dawa msizifiche. Diklofenaki inapandisha presha na inaumiza figo, nanyi mnaimeza kama karanga.

Mleta mada
Asanteni sana. Mrejesho: mama glibenklamaidi kaondolewa, kabaki na metformini. Dawa naitoa nikishaona sahani imeguswa. Tatizo jipya ni kwamba kagundua ladha ya soda. Kila saa kumi ananiita, "mwanangu, naona kama inashuka." Nampima, 9.2. Ananuna.