Ushauri: Nihamie University Park kwa ajili ya shule, au tukanunue nyumba Forney?

Mama Wawili
Habari zenu wakuu. Tuko Dallas mwaka wa sita sasa. Mimi nauguza wazee, mume wangu anaendesha lori. Tunakaa Vickery Meadow, fleti ya vyumba viwili, dola 1,350 kwa mwezi. Mtoto mkubwa anaingia darasa la sita Agosti. Nimepata nusu ya nyumba pacha University Park, vyumba viwili, dola 3,100, ndani ya wilaya ya shule za Highland Park. Mume anasema nimechanganyikiwa, hela hiyo tulipie mkopo wa nyumba yetu wenyewe Forney, ule mji mdogo mashariki mwa Dallas. Kutoka hapa ni dakika kumi kwa gari, lakini nikivuka barabara ya 75 naona kama nimebadilisha nchi: mashimo yanakoma, nyasi zimenyolewa kama zulia, na jioni huoni anayetembea bila mbwa. Naombeni mawazo. Matusi wekeni pembeni.

Babu Kanzu
Dada, kwanza ujue unaingia wapi. Pale si mtaa wa Dallas. Usifikirie Masaki, ambayo pamoja na maghorofa yake yote iko chini ya Manispaa ya Kinondoni. Highland Park na University Park ni miji miwili kamili, kila mmoja na meya wake na polisi wake, ila Dallas imeizunguka kama ute unavyozunguka kiini cha yai. Highland Park ilijitegemea 1913, na mitaa yake aliichora Wilbur David Cook, yule yule aliyechora Beverly Hills.

University Park yenyewe iliota kando ya chuo cha SMU, na hapa ndipo ninapochekaga. Wenyeji wake waliomba kuunganishwa na Highland Park, wakakataliwa, kisa gharama za huduma. Wakaenda Dallas, wakakataliwa tena. Basi wakaanzisha mji wao 1924. Mwaka 1945 Dallas ikarudi kuwaposa, wapigakura wakaitolea nje! Leo wako kama 25,000, na Highland Park hawafiki hata 9,000.

Garland Yetu
Babu umesimulia vizuri ila umeruka ukurasa. Hati za viwanja vya zamani Highland Park ziliandikwa wazi: weupe tu. Familia nyeusi ya kwanza kununua nyumba pale iliandikwa kwenye gazeti la mtaa kama habari ya ajabu, na hiyo ni 2003, si enzi za babu zetu.

Mimi nimefanya kazi za bustani kule miaka mitatu. Siku moja nimevaa suti, naenda kumwona mteja, bibi mmoja mwenye mbwa akanisimamisha kwa upole kabisa: "Leo unamsafishia nani?" Upole ule ndio ulioniuma. Mwanao ataulizwa hivyo, jiandae naye.

Tausi M
Mie mwanangu yuko kule mwaka wa pili, tumepanga, hatujanunua. Shule ni nzuri, sikudanganyi. Ila kodi ya pango si gharama yote. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo shule zinategemea sana kodi ya majengo, na tangu 1993 wilaya tajiri zinanyang'anywa sehemu kupelekewa maskini. Wenyewe wanaiita Robin Hood. Wazazi wanaziba pengo kwa michango, bahasha haziishi. Hulazimishwi, lakini utaziona.

Na usije ukatumia anwani ya rafiki kumwandikisha mtoto, dada. Watataka mkataba na bili zenye jina lako.

Garland Yetu
Tausi, mtoto ana marafiki?

Tausi M
Wawili. Mmoja ni wa kweli. Mwaliko wa siku ya kuzaliwa wa kwanza ulikuja mwezi wa tano, na zawadi nilinunua mara mbili kwa kuogopa aibu.

Mzee Lori
Shemeji, mimi nipo upande wa mumeo. Forney mnajenga mali, kule mnajenga mali ya mwenye nyumba.

Mama Wawili
Asanteni wote. Jibu la Tausi la rafiki mmoja wa kweli nimelisoma mara nne. Mwanangu hapa Vickery ana marafiki kumi na mbili, Wakongo, Waburma, Wasomali, na wote wanajua ninapoficha ufunguo. Nimempigia mwenye nyumba, Jumamosi saa nne naenda kuiona. Mume amekubali kuja, ila kwa sharti kwamba tukitoka hapo tunapitiliza Forney siku hiyo hiyo. Tausi, kama upo, nakuja inbox kuhusu hizo bahasha.